Kidung'ata wa Thika na Jina Lake

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Thika, akisha kuipita Ruiru na kuiacha Juja nyuma yake, huukuta mji wa Witeithie kando ya barabara kuu. Jina hilo ni la Kikikuyu, nalo lina sauti ya amri: mtu afanye jambo lake kwa mikono yake, asikae akingoja kufanyiwa. Zamani nchi hii ilikuwa ya mashamba makubwa ya mkonge na ya kahawa. Siku hizi ni nchi ya nyumba za mawe, maduka, vyumba vya kupanga na magari yasiyokwisha. Walakini nyuma ya nyumba nyingi pamesalia kipande cha ardhi kisichozidi upana wa mikeka michache, na hapo watu wamepanda walichotaka: mpapai, mlimau, sukumawiki, mbaazi za ukutani, maua mawili matatu, na mara moja moja mbuni, yaani mti wa kahawa, ambao hakuna akumbukaye nani aliupanda.

Bustani nitakayoisimulia ni ya namna hiyo. Nimezoea kuingia humo asubuhi mapema nikiwa na kamera. Asubuhi ni bora kwa sababu joto la mwili wa mdudu hufuata joto la hewa; kabla jua halijapanda, kipepeo hukaa kimya juu ya jani kama mtu aliyechelewa kuamka, na mpiga picha huweza kumkaribia bila kumfukuza. Kwa muda mrefu sikuwa na haja ila na vipepeo. Kwenye mlimau huja yule mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus. Kiwavi wake akiwa mchanga hufanana kabisa na mavi ya ndege, hata ndege wenyewe humpita. Akikua huwa kijani, na akiguswa hutoa kichwani pembe mbili laini zenye harufu kali. Mpiga picha ampendaye mdudu huyu hawezi kulaumiwa. Kipepeo ni mgeni mwenye adabu: huja amevaa vizuri, hukaa palipo na nuru, wala hamchoshi mtu kumtafuta.

Yafaa nieleze kidogo kazi yenyewe, maana wengi hudhani ni mchezo wa kusogeza kamera karibu tu. Picha ya karibu, kwa maana ya wajuzi, ni ile ambayo mdudu huandikwa ndani ya kamera kwa ukubwa wake mwenyewe au zaidi. Mdudu wa milimita tatu huchukua milimita tatu za kile kibapa kinachopokea nuru. Hapo shida huanza. Kadiri umkaribiavyo mdudu, ndivyo sehemu iliyo wazi ya picha iwavyo nyembamba, hata jicho likiwa wazi, mguu huwa ukungu. Upepo usioweza kutikisa ukurasa wa kitabu hulitikisa jani kama tufani. Tundu la lenzi likizibwa ili sehemu iliyo wazi iongezeke, nuru hupungua, na mtu hulazimika kutumia taa. Ndiyo sababu mpiga picha wa wadudu huonekana mara nyingi amepiga magoti, amezuia pumzi, na majirani wakimtazama kwa huruma.

Hamu hii ya kukiona kidogo kuwa kikubwa ni ya zamani kuliko kamera. Katika mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kitabu chake Micrographia, ambamo kiroboto alichorwa kwenye ukurasa mkubwa wa kukunjua, na watu waliokuwa wakijikuna kila siku wakaona kwa mara ya kwanza sura ya mgeni wao. Mwingereza mwingine, William Henry Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipokuwa akijaribu uvumbuzi wake mnamo mwaka 1840 alipiga picha mbawa za wadudu kwa msaada wa hadubini iliyotumia nuru ya jua. Kwa hiyo mdudu alipigwa picha mapema sana, karibu sawa na binadamu. Lenzi za kushikwa mkononi, zilizotengenezwa makusudi kwa kazi hii na kwa kamera ndogo, zilichelewa. Mojawapo ya kwanza kabisa ni Makro-Kilar ya Heinz Kilfitt, iliyotokea mwaka 1955. Siku hizi kijana wa Witeithie hubandika kioo kidogo juu ya simu yake, akapata picha ambayo Talbot angeitoza machozi.

Basi asubuhi moja, baada ya kukosa vipepeo, niliugeukia ule mbuni wa pembeni. Katika vifundo vya matawi, pale matunda yanapoota kwa vishada, palikuwa na kitu cheupe kama pamba iliyochanika. Mara nyingi nilikuwa nimekiona, nikakiita ukungu. Nilipokitazama kupitia lenzi nikaona kwamba pamba ile ilikuwa na miguu. Walikuwa wadudu wadogo wa duara dufu, waliojipaka unga wa nta, wenye vijinyuzi vyeupe pande zote za mwili kama shali yenye tamvua. Katika vitabu vya kilimo wadudu wa namna hii huitwa vidung'ata. Juu yao sisimizi wa kahawia walikuwa wakipanda na kushuka kwa shughuli nyingi. Nilimwona mmoja akimpapasa kidung'ata kwa papasi zake, na tone la maji likatoka, akalinywa.

Jirani yangu, mama mzee ambaye mtaa mzima humwita Shosho, alikuja kuona nilikuwa nikipiga picha nini. Nilimwonyesha. Akatikisa kichwa akasema, "Mwanangu, huyo namjua. Akitoka hapo ataingia katika mbaazi zangu. Kesho nitaleta pampu." Pampu aliyoisema ni ile ya mgongoni ya kunyunyizia dawa. Sikuwa na neno la kumpinga, na ningelikuwa mwaminifu kwa ujinga wangu ningelimsaidia kuibeba. Nilimwomba siku chache tu nimalize picha zangu. Katika siku hizo nilisoma habari za mdudu huyu, nikakuta kwamba mahali nilipopigia magoti palikuwa katikati ya nchi iliyowahi kupata msiba kwa ajili yake.

Katika mwaka 1923 kidung'ata alitokea kwa wingi wa ajabu katika mashamba ya kahawa ya upande wa Thika. Reli ilikuwa imefika Thika tangu 1913, na kilima baada ya kilima kilikuwa kimefyekwa na kupandwa mibuni, safu kwa safu, pasipo na mti mwingine wa kutenga safu na safu. Mdudu apendaye mbuni hawezi kuandaliwa karamu kubwa kuliko hiyo. Kutoka hapo akaenea katika nyanda za juu zilizo mashariki ya Bonde la Ufa. Mdomo wake ni kama sindano. Huuchoma mti na kunyonya utomvu. Kwa kuwa utomvu una sukari nyingi kuliko haja yake, ile inayozidi huitoa nyuma kama matone matamu, na matone yakianguka juu ya majani huota ukungu mweusi kama masizi ya chungu. Mti uliojaa vidung'ata hudhoofika, maua yake na matunda machanga hupukutika, na jani lililofunikwa na masizi haliwezi kuitumia nuru ipasavyo.

Mashamba hayo yalikuwa ya walowezi wa Kizungu. Mwafrika alifanya kazi humo, lakini serikali ya kikoloni haikumruhusu kupanda kahawa yake mwenyewe. Ruhusa za kwanza, tena za majaribio, zilitolewa katikati ya miaka ya 1930 huko Kisii, Embu na Meru. Mtu angeweza kudhani, basi, kwamba msiba wa kahawa ulikuwa msiba wa tajiri peke yake. Sivyo ulivyokuwa. Kidung'ata hakusoma sheria za mipaka ya ardhi. Alivuka kutoka shamba la mlowezi, akaingia katika viazi vikuu, mbaazi na vyakula vingine katika mashamba ya Wakikuyu. Habari za kahawa iliyopotea ziliandikwa kwa pauni. Habari za chungu kisichojaa jioni hazikuwa na mtu wa kuzitia katika hesabu, nami naona ni haki zitajwe kwanza.

Wataalamu walianza na jambo lililoonekana kwa macho, yaani sisimizi. Sisimizi aliyehusika zaidi ni wa jamii ya Pheidole. Yeye humtunza kidung'ata kama mfugaji atunzavyo ng'ombe wa maziwa: huwafukuza wadudu wengine wanaotaka kumla, na malipo yake ni yale matone matamu. Ikafikiriwa kwamba mfugaji akizuiwa kupanda mtini, mifugo itabaki bila mlinzi. Kwa hiyo shina la kila mbuni lilifungwa utepe uliopakwa kitu kizito chenye kunata, na matawi ya chini yakakatwa yasiguse ardhi, ili sisimizi asipate ngazi nyingine. Njia hii ilisaidia. Lakini fikiri, msomaji, shamba moja lina mibuni maelfu. Kila shina lahitaji kupakwa, na kuangaliwa, na kupakwa tena, kwa kuwa mavumbi na majani makavu hushikwa na ule mnato na kuwa daraja. Shosho aliniambia kwamba baba yake alipokuwa kijana alipewa kazi hiyo ya kupaka mashina, na kwamba nguo aliyoivaa haikutakata tena mpaka ikatupwa.

Dawa ya kudumu ilitafutwa kwa njia nyingine. Wajuzi wa wadudu walikwisha kujua kwamba kila mdudu, katika nchi ya asili yake, ana maadui wanaompunguza: wengine humla wazima wazima, wengine hutaga mayai ndani ya mwili wake. Akihamia nchi ngeni bila maadui hao, huzaana bila kipimo. Kwa hiyo swali lilikuwa moja: huyu kidung'ata ametoka nchi gani? Na kulijibu swali hilo sharti kwanza ujue yeye ni nani.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika. Vidung'ata wako wa namna nyingi sana, na wote wamejifunika unga uleule. Kwanza yule wa Kenya alidhaniwa kuwa ni kidung'ata wa michungwa, ambaye ameenea duniani kote. Kisha akaitwa kwa jina la ndugu yake mwingine wa Asia, Pseudococcus lilacinus. Jina likishakuwa la Asia, maadui nao wakatafutwa huko. Watu waliagiza wadudu kutoka nchi za mbali za mashariki, wakasafirishwa kwa taabu, wakalelewa, wakafunguliwa katika mashamba ya kahawa. Wakafa. Wale wenye desturi ya kutaga mayai ndani ya vidung'ata hawakumtambua huyu wa Thika kuwa ni chakula cha watoto wao. Nyigu mdogo asiyezidi punje ya mchele aliijua tofauti ambayo wasomi walikuwa hawajaiona.

Tusiwacheke wasomi hao kwa haraka. Kumtambua kidung'ata si kazi ya jicho, wala si kazi ya kamera, hata ile bora kuliko zote. Picha yangu nzuri huonyesha nta, na nta ni nguo tu. Ili ajulikane, kidung'ata jike huwekwa katika maji ya magadi makali yaliyopashwa moto mpaka nyama yake yote iyeyuke na ibaki ngozi nyembamba kuliko karatasi ya sigara. Ngozi hiyo huoshwa, hutiwa rangi ili ionekane, hulazwa baina ya vipande viwili vya kioo, ndipo ikawekwa chini ya hadubini. Sasa mtaalamu huhesabu: vitundu vitoavyo nta ni vingapi na viko wapi, mirija midogo imepangwaje, miiba ya pembeni ina jozi ngapi. Tofauti ya ndugu na ndugu yaweza kuwa ni mirija michache kuzidi upande huu au kupungua upande ule. Ni kazi ya kukaa kitini siku nzima, na macho huuma.

Aliyeifanya kazi hiyo mpaka mwisho ni R. H. Le Pelley, mtaalamu wa wadudu katika idara ya kilimo ya Kenya. Katika mwaka 1935 alitangaza kwamba kidung'ata wa kahawa ya Kenya hakuwa yule wa michungwa wala yule wa Asia, bali ni namna mpya isiyopata kuandikwa na mtu. Akampa jina Pseudococcus kenyae. Baadaye wataalamu walimhamishia jamii nyingine, na leo huitwa Planococcus kenyae. Miaka 12 ilikuwa imepita tangu mashamba ya Thika yaanze kuwa meupe.

Jina lenyewe lina kichekesho ndani yake. Ijapokuwa mdudu alibatizwa kwa heshima ya Kenya, ilikuja kuonekana kwamba Kenya hapakuwa kwake. Baada ya kujulikana umbo lake halisi, aliweza kutafutwa kwa uhakika, naye akapatikana Uganda. Alikuwa amekaa huko siku zote, jirani ya mlango, wakati meli zilipokuwa zikitumwa kuvuka bahari. Hakuna aliyemjali kwa sababu hakuwa na madhara. Maadui zake walimshika chini, akabaki mmoja hapa na mmoja pale. Mdudu asiyeleta hasara hana mtu wa kumpiga picha.

Katika mwaka 1938 maadui hao waliletwa Kenya kutoka Uganda. Miongoni mwao aliyekuja kuwa shujaa ni nyigu wa jamii ya Anagyrus, mdudu wa urefu wa milimita moja na nusu au mbili hivi, asiyemuuma mtu wala asiyejulikana na mtu. Jike lake humtafuta kidung'ata mchanga, humgonga kwa papasi kama mwenye nyumba apigaye hodi, kisha humchoma na kuacha yai ndani yake. Buu linalotoka katika yai humla kidung'ata kutoka ndani. Yule mwenyeji huvimba, hukauka, nta yake hupungua, ngozi hugeuka kuwa kahawia na ngumu kama ganda la mbegu. Buu likisha kuwa nyigu mzima hutafuna mlango wa duara mwishoni mwa ganda, akatoka, akaenda kupiga hodi kwingine.

Kuwalea nyigu hao kulihitaji mikono mingi. Ilipasa kidung'ata azalishwe kwanza ili nyigu apate mahali pa kutaga. Ilipasa sisimizi wazuiwe wasiingie. Ilipasa wahesabiwe wale waliotoka, wabebwe, wafunguliwe mahali palipofaa. Kazi za namna hii hupewa jina la bwana mmoja, lakini hufanywa na wengi. Walipofunguliwa walienea wenyewe. Nao hawakuuliza shamba la nani. Yale mashamba ya viazi vikuu na mbaazi, ambayo hayakuwa na fedha za kununua mnato, yalitembelewa kama yale ya kahawa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940, katika sehemu nyingi kidung'ata alikuwa amerudi kuwa mdudu wa kawaida, wa hapa mmoja na pale mmoja. Ilipofika 1959 ilikadiriwa kwamba kilimo cha kahawa kilikuwa kimeokolewa hasara ya pauni milioni 10 hivi, na kwamba gharama za kazi yote hazikuzidi pauni 30,000. Nazirudia tarakimu hizo kwa furaha, si kwa sababu napenda hesabu, bali kwa kuwa mtaji wake mkubwa ulikuwa jina sahihi.

Mtu angetumaini kwamba baada ya hapo kosa kama hili halingetokea tena. Lilitokea, na nusura lilete njaa kubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kidung'ata mwingine, wa mihogo, alitokea katika nchi za mto Kongo akaanza kuenea Afrika, katika chakula cha mamilioni ya watu. Mhogo asili yake ni Amerika ya Kusini, kwa hiyo maadui wake wakatafutwa huko, na upande wa kaskazini wa bara hilo akapatikana kidung'ata wa mihogo aliyedhaniwa kuwa ndiye. Nyigu wake wakajaribiwa. Wakakataa kuzaa, kama wale wa Asia walivyokataa zamani. Mwaka 1981 wataalamu walitangaza kwamba yule alikuwa namna nyingine kabisa, na katika mwaka huohuo mwenyewe halisi akapatikana Paraguay. Nyigu aliyetoka huko, jamaa wa yule wa Thika, anaitwa Anagyrus lopezi. Alianza kufunguliwa Nigeria mwaka 1981, akaenea nchi hadi nchi. Mswisi Hans Rudolf Herren aliyeiongoza kazi hiyo alitunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995, na wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia Nairobi kukiongoza kituo cha ICIPE, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Mkenya Thomas Odhiambo kwa ajili ya elimu ya wadudu. Makao yake, yaitwayo Duduville, yako Kasarani. Basi la kwenda Thika hupita karibu nayo kila siku, na nadhani ni abiria wachache wajuao.

Narudi kwenye kahawa. Amani iliyoletwa na nyigu ilikuwa na adui wake, naye ni pampu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilikuja dawa mpya zenye nguvu nyingi, na mkulima aliyezizoea aliona ni ajabu kungoja mdudu mdogo afanye kazi ambayo dawa hufanya kwa siku moja. Dawa haichagui. Humwua mla kahawa, na humwua pia amlaye mla kahawa. Na kwa kuwa mla kahawa huzaana upesi, yeye ndiye hurudi kwanza. Katika miaka ya 1960 mashamba ya kahawa ya Kenya yalishambuliwa na kiwavi mkubwa ambaye hutembea kwa kujikunja na kujinyosha, kama mtu apimaye kitambaa kwa shibiri. Jina lake ni Ascotis selenaria. Kabla ya hapo alikuwa mdudu mdogo wa maana. Wachunguzi walipomfuatia waliona kwamba mnyunyizo wa dawa kali ndio uliowaondoa maadui zake. Kidung'ata naye alipata kuinuka tena hapa na pale kwa njia iyo hiyo.

Nilipokwisha kuyasoma haya nilizirudia picha zangu za asubuhi ile, nikaona aibu. Picha ya nne, katika pembe ya chini ambayo sikuijali kwa sababu haikuwa wazi vizuri, ilikuwa na vidonge viwili vya kahawia katikati ya vidung'ata weupe. Nilipoviona mara ya kwanza nilidhani ni uchafu, hata nilikuwa nimekusudia kuikata ile pembe ili picha ipendeze. Asubuhi iliyofuata nilirudi kwenye mbuni, nikapiga magoti, nikavitafuta. Vilikuwapo. Viwili bado vilikuwa vimefungwa. Cha tatu kilikuwa na mlango wa duara, safi kana kwamba umekatwa kwa mkasi.

Nilimwita Shosho. Alikuja na pampu yake, kwa kuwa siku zangu chache zilikuwa zimekwisha. Nilimwonyesha picha kwenye kioo cha kamera, nikaikuza mpaka tundu lile likawa kubwa kama sahani, nikamsimulia habari ya nyigu kama nilivyoweza. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na huyu wa bustani yetu, ndiye yule aliyetoka Uganda?"

Swali lilikuwa zuri kuliko picha. Nilimjibu kweli, kwamba sikujua. Nyigu wa namna hiyo ni wengi, na hata kidung'ata wetu sikuwa na haki ya kumwita kenyae kwa kumtazama nguo yake. Kulijibu hilo kulihitaji magadi, rangi na hadubini, na mtu mwenye subira ya kuhesabu mirija. Nilichoweza kusema ni kwamba palikuwa na mtu kazini pale, na kwamba dawa ingemwua.

Alifikiri, kisha akaenda nyumbani kwake akarudi na kopo la grisi iliyosalia ya baiskeli na kitambaa kikuukuu. Akakifunga kitambaa katika shina la mbuni, akakipaka grisi kwa kijiti, polepole, akizunguka shina. Matawi mawili yaliyogusa ukuta aliniamuru niyakate. Sisimizi waliokuwa wakishuka walifika kwenye utepe wakasimama, wakarudi juu, wakashuka tena. Mimi nilikuwa nimekwisha kuinama na kamera. Wiki tatu baadaye nilihesabu vidonge 31 vya kahawia katika vishada vile vile, na 19 kati yake vilikuwa na milango. Pampu ya Shosho imo stoo, na mbaazi zake zimeanza kutoa maua.